Kumalizia digrii Uganda na yuniti zako za zamani: piga hesabu kwa semesta, si kwa yuniti

Siku ofisi ya rejista ya chuo iliponiambia yuniti zangu 14, yaani masomo niliyosoma chuo cha zamani, zimekubaliwa, nilitoka nje nikanunua rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, ya mayai matatu. Kichwani nilikuwa nimeshamaliza hesabu: programu ina yuniti 33, nimepewa 14, zimebaki 19, kila semesta watu wanabeba kama sita hivi, kwa hiyo semesta tatu na kidogo, mwaka mmoja na nusu nimevaa gauni. Nilimaliza baada ya miaka miwili na semesta moja. Hakuna aliyenidanganya, hesabu yangu ndiyo ilikuwa ya kijinga, na tangu hapo watu wengi wamenipigia simu na hesabu ileile kwa hiyo acha niiandike mara moja iishe.

Mimi ni mtu wa Busia, nilisoma miaka miwili upande wa Kenya, biashara, pesa ikaisha, nikavuka kutafuta kazi Kampala, nikaja kumalizia hapa kwa masomo ya wikendi. Nitatumia mfano wangu sana lakini mambo haya yanamhusu hata Mganda aliyeacha chuo kimoja anataka kuingia kingine, na Mkongomani aliyefika na relevé zake, yaani karatasi za alama, za Bukavu au Goma.

Jambo lenyewe ni hili. Vyuo vingi vya Uganda vinalipisha karo kwa semesta. Ukibeba yuniti sita unalipa semesta, ukibeba nne kwa sababu mbili ulishahamisha, mara nyingi unalipa semesta hiyohiyo nzima. Yuniti iliyohamishwa inakuokolea pesa pale tu inapokusaidia kufuta semesta nzima. Ikipunguza mzigo wa semesta tu, umepata muda wa kulala, hujapata pesa. Marekani ni tofauti, kule vyuo vingi vinauza kredit mojamoja, ndiyo maana video za huko mtandaoni zinawachanganya watu wa hapa, nitarudi hapo.

Hatua ya 1: Malizana na chuo cha zamani kabla hujatafuta kipya

Hapa ndipo bajeti za watu wengi zinapofia, manake hawakuweka hata shilingi. Transkripti haitoki kama una deni. Mimi nilikuwa nadaiwa shilingi 38,000 za Kenya, nilishazisahau kabisa, nikazibadilisha kwa 28 zikawa milioni moja na elfu 64 za Uganda. Hiyo ni kabla sijanunua hata fomu ya maombi huku.

Kwa hiyo kitu cha kwanza andika kwenye daftari: deni la zamani, ada ya transkripti, nauli ya kwenda na kurudi. Kama huwezi kupata transkripti kamili kwa sababu hukumaliza, omba ile rekodi ya matokeo ya sehemu, hapa Uganda wanaiita testimoniali, Kenya utasikia transkripti ya mpito au matokeo ya kila mwaka. Iwe na muhuri na sahihi, picha ya skrini ya potali hakuna mtu atakayeipokea.

Na ukiwa hapohapo usiondoke bila silabasi. Narudia, silabasi, yaani maelezo ya kila yuniti, mada zake, saa zake, yamepigwa muhuri wa dipatimenti. Watu wanachukua transkripti wanapanda basi la usiku kurudi Kampala halafu wiki inayofuata wanatumwa tena Nairobi au Eldoret kuchukua silabasi, nauli mara mbili na siku za kazi zimeenda. Kama una binamu bado yuko kule mtume aifuate dipatimenti, lakini umtume na barua iliyosainiwa inayomruhusu, la sivyo watamrudisha.

Hatua ya 2: Hakikisha mlango ulioingilia unakubalika huku

Hii inauma kwa sababu mtu amesoma mpaka mwaka wa tatu halafu anaulizwa matokeo ya sekondari. Uganda digrii inaingiwa kwa njia kama tatu: principal pass mbili (yaani masomo makuu mawili uliyofaulu) za A-level, diploma, au mtihani wa watu wazima kwa wenye miaka 25 na zaidi. Sisi wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, hatuna A-level, na mwenye Diplôme d'État ya Kongo hana pia. Kwa hiyo vyeti vya sekondari vinapelekwa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, vikalinganishwe, na vya chuo vinapelekwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, ofisi zao ziko Kyambogo. Kila moja ina ada yake, angalia kwenye tovuti zao bei ya wakati huo, usiniulize mimi niliyolipa miaka iliyopita.

Ukilinganishwa ukaonekana hujafika kiwango kuna kozi ya mwaka mmoja ya kuziba pengo, Cheti cha Elimu ya Juu. Sasa fikiria, ulikuwa umepanga semesta nne ukaongezewa mwaka mzima mbele yake. Ndiyo maana nasema fanya hatua hii mapema, kabla hujaaga kazi na kabla hujalipa hosteli.

Wakongomani, karatasi zenu ziko kwa Kifaransa, weka pesa ya mtafsiri anayekubalika na chuo. Uliza chuo kwanza wanamkubali nani, usikimbilie kijana wa duka la fotokopi pale Nasser Road hata kama bei yake ni tamu.

Hatua ya 3: Geuza kila kitu kiwe saa

Yuniti ya Kenya si yuniti ya Uganda, na kredit ya Tanzania si kredit ya Uganda, neno ni lilelile kitu ni tofauti. Hapa Uganda kredit moja kwa kawaida ni saa 15 za darasani, kwa hiyo kozi ya kredit 3 ni saa 45 na ya kredit 4 ni saa 60. Kenya kozi moja mara nyingi iko kati ya saa 35 na 45. Tanzania, na ule mfumo wa sifa za elimu ya juu wa Afrika Mashariki pia, wanahesabu saa zote za kujifunza mpaka zile za kusoma mwenyewe usiku, saa 10 ni kredit moja, ndiyo maana utaona digrii ya kredit 360 ukashtuka. Kongo kwenye mfumo mpya wa LMD ni kredit 60 kwa mwaka na 180 kwa licence, digrii ya kwanza, lakini kama wewe ni wa mfumo wa zamani wa G1, G2, G3 basi huna kredit kabisa, una saa tu zilizoandikwa kwenye relevé. Na kwa kweli hizo saa ni bora, saa inaeleweka kila mahali.

Chukua daftari, chora mistari minne. Jina la yuniti yako, saa zake, alama uliyopata, halafu jina la yuniti inayofanana nayo kwenye programu ya huku na kredit zake. Programu ya huku omba ofisini au pakua. Fanya mwenyewe kabla ya wao kufanya. Utaona mapema zipi zina matatizo: zile zenye saa chache, zile ulizopita kwa shida, na zile za zamani sana, hasa kompyuta na kodi, manake kodi ya Kenya si kodi ya Uganda na hakuna mwalimu atakayekubali eti umeshaisoma.

Yangu ya Business Statistics ilikuwa saa 42. Ya huku ilikuwa kredit 4. Ningechora hiyo mistari ningeona 42 kwa 60 pale pale, ila mimi sikuchora, mimi nilikula rolex.

Hatua ya 4: Usikubali idadi, dai ramani

Nieleze kilichotokea manake ndicho kiini cha kila kitu hapa.

Aliyenihudumia alikuwa mama mmoja wa makamo, Kiswahili chake safi, mumewe alikuwa jeshini. Aliiweka transkripti yangu pembeni hata hakuisoma. Akaniambia, "Mwanangu, hii haiongei. Lete silabasi." Nikampa. Akachukua penseli, anasoma mada moja moja, anatia tiki, anatia tiki, akifika penye wasiwasi anaandika alama ya kuuliza anapeleka dipatimenti. Wiki tatu baadaye nikapewa barua: yuniti 14 zimekubaliwa, utaanzia mwaka wa pili semesta ya kwanza. Nikafurahi. Barua haikusema zile zilizobaki za mwaka wa kwanza nitazisoma lini.

Sasa angalia. Statistics inafundishwa semesta ya pili ya mwaka wa kwanza, yaani Januari peke yake. Mimi nikaingia Agosti. Januari ilipofika taimtebo ya wikendi ikagongana, Statistics iko Jumamosi saa nne na somo langu la mwaka wa pili liko Jumamosi saa nne. Nikaambiwa isubiri. Agosti nikaingia mwaka wa tatu, kuna Operations Research, na huwezi kuisoma bila Statistics. Ikabidi niiache. Januari nikaisoma Statistics hatimaye, wenzangu wanamaliza wanapiga picha, mimi nikasubiri Agosti tena kuja kusoma Operations Research, somo moja tu, peke yangu kwenye darasa la watoto wa mwaka nyuma yangu. Lile somo moja nililipia kwa yuniti, sawa, lakini zile ada nyingine za semesta nikalipa nzima kama mtu anayesoma masomo sita.

Yuniti moja iliyokataliwa. Semesta nzima.

Kwa hiyo unapokaa na mtu wa dipatimenti maswali ni haya na uyaandike majibu palepale mbele yake: nitaingia mwaka gani na semesta gani? Zile ninazodaiwa za chini zinafundishwa mwezi gani, mara moja kwa mwaka au mara mbili? Zinagongana na taimtebo yangu ya jioni au wikendi? Ipi kati yake inafungua njia ya nyingine juu? Je, naweza kusoma ile iliyokwama kwenye programu ya mchana, au kwenye muhula wa likizo wa Juni na Julai kama upo? Halafu chora ramani, semesta kwa semesta mpaka ya mwisho, kila yuniti na mahali pake, na umwombe mkuu wa dipatimenti asaini. Wengine watakuangalia vibaya. Mwambie kwa adabu tu, mama, au mzee, mdhamini wangu anaitaka. Mdhamini anaweza kuwa wewe mwenyewe.

Kitu kimoja zaidi, yuniti "imekubaliwa" si lazima iwe "imehesabiwa". Kuna yuniti wanakupokelea kama ya hiari halafu unakuta programu inataka za hiari mbili tu na wewe umeleta tano, tatu zimekaa kwenye faili kama mapambo. Na vyuo vingi vina kikomo, huwezi kuleta kila kitu kutoka nje ukabaki kusoma semesta moja upewe digrii yao, mara nyingi kikomo kiko karibu na nusu. Uliza kikomo chao kabla hujalipa ada ya kuhamisha, hasa kama wanalipisha kwa kila yuniti inayokaguliwa, usije ukalipia ukaguzi wa yuniti 20 wakati wanapokea 15 tu.

Hatua ya 5: Linganisha vyuo viwili kwa namba

Hizi namba nimezizungusha ziwe rahisi, weka za kwako.

Chuo cha kwanza ni nafuu. Karo 900,000 kwa semesta, ada nyingine, zile tunazoita fankshono, 300,000. Wamekukubalia yuniti 9 na ramani yao inaonyesha semesta 5. Hiyo ni 1,200,000 mara 5, jumla milioni 6.

Chuo cha pili ni ghali. Karo 1,150,000, fankshono 400,000. Wamekubali yuniti 14, ramani semesta 4. Hiyo ni 1,550,000 mara 4, jumla milioni 6 na laki 2.

Mtu wa kawaida ataenda cha kwanza, semesta bei chini na jumla pia bei chini. Subiri. Ongeza maisha ya semesta. Kama tayari unaishi na kufanya kazi Kampala usihesabu kodi ya nyumba, ungeilipa tu hata usiposoma, watu wanajitisha bure hapo. Hesabu kile ambacho masomo yanaongeza: taxi kwenda na kurudi 6,000 kwa siku mbili za wikendi kwa wiki 15 ni 180,000, chakula cha mchana 5,000 kwa siku hizohizo 30 ni 150,000, fotokopi na data tuseme 70,000. Jumla 400,000 kwa semesta. Chuo cha kwanza kinakuwa milioni 8, cha pili milioni 7 na laki 8. Kimeshageuka.

Na kama unahamia, umetoka Busia au Mbale au Arua, unapanga chumba kwa ajili ya masomo tu, weka 250,000 kwa miezi 5, hiyo ni 1,250,000 kila semesta. Chuo "nafuu" kinafika 14,250,000 na "ghali" kinakaa 12,800,000. Milioni moja na laki nne unusu zimepotea kwa sababu ya semesta moja. Na bado sijahesabu mshahara ambao ungepata miezi hiyo ukiwa umeshamaliza.

Halafu weka akiba ya kupanda bei. Makerere walipoleta sera ya kupandisha karo asilimia 15, wanafunzi waligoma Oktoba 2019 mpaka jeshi likaingia kwenye mabweni, kwa hiyo usifikirie bei ya leo ni ya milele. Swali la kuuliza kwa mtu anayehama: nitalipa bei ya wale ninaojiunga nao mwaka wa pili au bei ya wanaoanza upya mwaka huu? Ziko tofauti vyuo vingine. Pata jibu la maandishi.

Hatua ya 6: Vitu ambavyo havimo kwenye ile karatasi ya karo

Nitataja tu kwa haraka. Ada ya NCHE ya kila mwanafunzi, 20,000 kwa mwaka, ndogo lakini ipo. Kitambulisho, ada ya wanafunzi, maktaba, mtihani, vyuo vingine vimefungia vyote ndani ya fankshono na vingine vinakutolea kimoja kimoja kama mganga. Faini ya kuchelewa kujisajili. Intanshipu, hakuna anayekulipa na nauli ni yako miezi miwili. Risachi, kuna chuo kinalipisha supavaiza tofauti na karo. Kubaindi nakala tatu au nne. Grajuesheni, gauni, na transkripti ya mwisho.

Riteki ndiyo ya kuogopa. Ukifeli somo unalipia kulirudia, hiyo kila mtu anajua, lakini kwa mtu aliyehamisha yuniti riteki ni hatari mara mbili, ramani yako imebana, somo likifundishwa mara moja kwa mwaka ukalifeli unarudi kwenye hadithi yangu ya Statistics. Mimi ningekushauri, kama pesa za masomo ya ziada zipo, tuisheni ya mtu mmoja kwenye somo moja gumu ni rahisi kuliko semesta.

Wageni wa Jumuiya, pasi ya mwanafunzi pale uhamiaji raia wa nchi wanachama hatozwi, lakini lazima uiombe, bure haimaanishi huhitaji. Kongo imeingia Jumuiya 2022 kwa hiyo na nyinyi mmo, ila wakati wa kuandikisha angalia umewekwa kundi gani la karo. Mdogo wangu mmoja wa Uvira aliandikwa "wa kimataifa" kwenye potali na bei ikaruka, alienda na nakala ya pasipoti na barua moja fupi ikarekebishwa, lakini ilimchukua wiki mbili na kama angelipa kwanza sidhani hizo pesa zingerudi.

Hatua ya 7: Jinsi ya kulipa bila kuvuja

Vyuo vya serikali unatoa namba ya malipo, PRN, kwenye potali halafu unalipa benki au kwa simu. Hiyo namba ina tarehe ya kuisha, usiitoe leo ukalipa baada ya mwezi. Vya binafsi vina njia zao, benki au namba ya malipo ya shule kwenye simu.

Kosa linalokula watu: ndugu anakutumia karo kwenye simu, unatoa keshi kwa wakala, unaenda nayo benki. Ukitoa kuna kodi ya serikali asilimia 0.5 ya hela unayotoa, kwa 1,550,000 hiyo ni 7,750, na juu yake ada ya kutoa. Kwa semesta nne umemlipia mtu gauni. Mwambie ndugu alipe moja kwa moja kwa namba yako ya mwanafunzi, anaweza hata akiwa Mbarara. Pia utalala vizuri, karo ya kwenye simu ina tabia ya kugeuka kuwa kodi ya nyumba.

Weka kila risiti, ya karatasi na picha yake, kwenye imeli yako si kwenye simu peke yake. Semesta ya mwisho wakati wa kusafishwa, yaani kuthibitishwa hudaiwi kitu, kila ofisi itakuuliza, na mtu aliyehamia ana historia fupi kwenye mfumo kwa hiyo ndiye anayeulizwa zaidi.

Kuhusu digrii za Marekani za mtandaoni

Naulizwa sana. Kule digrii ya kwanza kwa kawaida ni kredit 120, wanalipisha kwa kredit, na vyuo vingi vinataka angalau kama robo, yaani kredit 30 hivi, uzisome kwao. Hapo ndipo ile hesabu ya kutoa inafanya kazi: una 70 zimekubaliwa na zimehesabiwa, zimebaki 50, zidisha kwa bei ya kredit. Lakini transkripti yako ya Kenya au Uganda kwa kawaida lazima ipitie kwa shirika la kutathmini vyeti vya nje kama WES, tathmini ya somo kwa somo, ile ya jumla ni rahisi lakini kwa kuhamisha kredit haitoshi, na unalipa kwa dola. Kodolea macho bei ya dola, ikiwa 3,700 leo weka 3,900 kwenye bajeti. Na kabla hujatuma hata senti nenda Kyambogo uulize NCHE kama hiyo digrii watakulinganishia ukiileta, hasa kama unataka kazi ya serikali.

Pesa yenyewe itoke wapi

Mganda aulize mkopo wa serikali wa wanafunzi wa elimu ya juu, ulioanza 2014 chini ya bodi ya HESFB, umekuwa ukilipa karo na fankshono na risachi, chakula na kulala haugusi. Sisi tusio raia hatumo. Mkimbizi aulize DAFI, ufadhili wa masomo ya chuo kwa wakimbizi, kupitia UNHCR, lakini aulize mapema kama wanampokea mtu aliyeanza mahali pengine. Waliobaki ni kusevu, kikundi, sakosi. Mimi nilitumia kikundi cha kuchangiana kwa zamu cha watu kumi na wawili pale Kikuubo, mitaa ya biashara ya Kampala, nikaomba zamu yangu iangukie Agosti na siyo Desemba, walinicheka lakini wakanipa, na zamu ya pili nikaiuza kwa mwenzangu ili nipate ya Januari. Kama uko kwenye kikundi panga zamu kulingana na tarehe ya mwisho ya kujisajili, iko kwenye kalenda ya chuo, na mpe mwenyekiti nakala.

Mwisho, ile ramani yenye sahihi. Kila mwanzo wa semesta nenda nayo kwa mshauri wako kabla ya kujisajili, si baada. Walimu wanahama, taimtebo zinabadilika, programu zinakaguliwa upya na somo linabadilishwa jina ukaambiwa hujalisoma. Yangu mpya, niliyochora nikiwa nimeshapigwa, ilikuwa na sahihi ya mkuu wa dipatimenti aliyekuwa ameshaondoka, na ndiyo iliyofanya mkuu mpya akubali nisome Operations Research ile Agosti badala ya somo jipya lililokuja mahali pake. Aliigeuza nyuma na mbele, akauliza nani kaandika hivi kwa penseli. Nikamwambia mimi, mzee. Akasema wakati mwingine tumia kalamu.